Mabonde ya Aina Mbili: Nguvu Zilizoiumba Nchi ya Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

Utangulizi

Neno bonde katika Kiswahili limebebeshwa mzigo mzito. Huitwa bonde ile ardhi tambarare yenye rutuba iliyo kando ya mto. Huitwa bonde lile pengo jembamba, lenye kuta za kutisha, linalotenganisha migongo miwili ya mashamba huko Othaya. Aidha, huitwa bonde ule mfereji mkubwa wa nchi unaoanzia pande za Bahari ya Shamu na kushuka hadi Msumbiji, ambao umeongezewa neno la pili na kuitwa Bonde la Ufa. Kwa msemaji wa kawaida hakuna tatizo lolote: kila palipo chini kati ya pawili palipo juu ni bonde. Kwa mtu anayetaka kujua jinsi nchi ilivyolipata umbo lake, hata hivyo, neno hilo moja huficha tofauti kubwa. Bonde la Ufa lilizama. Bonde la Mto Gura lilichimbwa.

Makala haya yanaieleza tofauti hiyo kwa kulitazama eneo la Nyeri na miji inayouzunguka Mlima Kenya: Karatina, Kerugoya, Embu, Chuka, Chogoria, Meru, Timau, Nanyuki na Naro Moru. Dai kuu ni kwamba sura ya nchi hiyo ni kazi ya mikono miwili inayopingana. Mkono mmoja hujenga kutoka chini, kwa joto, mipasuko na volkeno. Mwingine hubomoa kutoka juu, kwa barafu, mvua na mito. Ule wa kwanza umetulia sana katika eneo hili. Wa pili haujapumzika hata siku moja, nao ndio unaoamua leo shamba la nani litazaa na la nani litateremka mtoni.

Moto chini ya ganda

Ganda la dunia halikushikana likawa kitu kimoja. Limegawanyika katika mabamba makubwa yanayojongea juu ya mwamba wenye joto kali, mwamba ambao ingawa ni mgumu hukubali kusogea pole pole katika muda wa mamilioni ya miaka. Bara la Afrika, ambalo kwa mtazamaji wa ramani ni kipande kimoja, linagawanyika mashariki yake. Magharibi ya mgawanyiko huo liko bamba la Nubia na mashariki liko bamba la Somalia. Mabamba hayo yanaachana kwa milimita chache kila mwaka, kasi ambayo hata ukucha wa mwanadamu unaishinda.

Chini ya nchi ambayo leo ni Kenya, joto lililopanda kutoka vilindini liliinua ganda likavimba kama andazi linaloumuka. Kilichovimba hutanuka, na kilichotanuka kupita kiasi hupasuka. Nyufa zikatokea sambamba, kwa kiasi kikubwa kutoka kaskazini kwenda kusini, na ukanda uliokuwa katikati yake ukadidimia. Mwanajiolojia Mwingereza J. W. Gregory, aliyelizuru eneo hili mwaka 1893, alitambua kwamba kuta zile mbili zinazotazamana haziwezi kuwa kazi ya mto. Kitabu chake cha mwaka 1896 ndicho kilicholieneza jina ambalo Kiswahili kimelitafsiri kuwa Bonde la Ufa. Tafsiri hiyo ni nzuri, kwa kuwa neno ufa linabeba maelezo yote ya kijiolojia. Ni neno bonde linalopotosha.

Nyufa hizo zilikuwa pia milango. Kwa zaidi ya miaka milioni kumi zaha, yaani mwamba ulioyeyuka, ilimiminika tena na tena, ikapoa, ikaganda, na juu yake ikamiminika nyingine. Tabaka hizo ziliufunika mwamba wa kale uliokuwapo kabla, wenye umri wa zaidi ya miaka milioni mia tano. Mwamba huo haujatoweka. Msafiri anayeteremka kutoka Embu kwenda Mbeere huuona ukichomoza pale zaha inapokomea, na papo hapo mambo mengi hubadilika: udongo mwekundu mzito unaupisha udongo mwepesi wenye mchanga, majani chai na kahawa yanaupisha mtama na ndengu. Mpaka kati ya nchi ya mvua na nchi ya ukame, pale Embu, kwa sehemu ni mpaka kati ya miamba miwili.

Safu ya Nyandarua ni tokeo la kwanza kubwa la moto huo linalouhusu mji wa Nyeri. Joseph Thomson, katika safari yake ya 1883 na 1884, aliipa safu hiyo jina la Aberdare kwa heshima ya rais wa chama cha kijiografia cha London, na jina hilo lingali katika ramani nyingi. Ni safu ya urefu wa takriban kilomita 160, ambayo kilele chake cha juu, Ol Donyo Lesatima, kimefika mita 4,001. Jambo la kuzingatia ni kwamba pande zake mbili hazifanani. Upande wa magharibi umekatwa na mipasuko, nchi ikashuka kwa ngazi: kwanza uwanda wa Kinangop, kisha genge jingine, kisha Naivasha. Upande wa mashariki haukukatwa. Huo unateremka taratibu kuelekea Tetu, Othaya na Mukurweini, na kwa sababu hiyo mito yake ni mirefu na ilipata nafasi ya kuchimba. Safu ni moja, lakini mgongo wake mmoja uliumbwa na ufa na wa pili ukaumbwa na maji. Mwalimu anayetaka kuieleza tofauti ya mabonde ya aina mbili hahitaji mfano mwingine.

Ufa huo haujafa. Tarehe 6 Januari 1928 eneo la Subukia, ng'ambo ya Nyandarua, lilikumbwa na tetemeko linalotajwa kuwa kubwa kuliko yote yaliyorekodiwa nchini Kenya. Mvuke wa Olkaria, unaozalisha umeme tangu 1981, ni ushahidi wa joto lililo karibu na uso wa nchi. Hata hivyo, si kila mpasuko unaoonekana katika Bonde la Ufa ni kazi ya ufa. Mnamo Machi 2018, mvua kubwa iliponyesha, shimo refu lilifunguka karibu na Mai Mahiu na kuikata barabara iendayo Narok. Vyombo vya habari vya mbali vikatangaza kwamba Afrika inagawanyika machoni pa watu. Wanajiolojia wengi waliolichunguza jambo hilo walisema vingine: maji ya mvua yalikuwa yameuchukua udongo laini wa majivu ya volkeno, na ardhi iliyobaki bila nguzo ikaporomoka. Huenda chini yake palikuwa na ufa wa zamani, lakini aliyechimba siku ile alikuwa mvua. Mikono ile miwili ilichanganywa, na kazi ya mmoja ikahesabiwa kuwa ya mwenziwe.

Mlima uliopungua

Mlima Kenya ni mdogo kwa umri kuliko Nyandarua. Ulitapika zaha yake kati ya miaka milioni 3.1 na 2.6 iliyopita, ukajirundika hadi kimo kinachokadiriwa kuwa kilipita mita 6,000. Leo Batian ina mita 5,199 na Nelion mita 5,188. Vilele hivyo viwili, ambavyo humvutia mtazamaji kwa ukali wake, havikuwa kilele cha mlima wa awali. Ni kizibo. Volkeno ilipozimika, mwamba ulioyeyuka uliosalia kooni mwake uliganda pole pole, ukawa mgumu kuliko tabaka za zaha na majivu zilizouzunguka. Kisha mmomonyoko ukala kile kilicho laini na kukiacha kigumu kimesimama. Msomaji akumbuke mwanya kati ya Kibo ya Kilimanjaro na vilele hivi: Kibo ni changa, ingali na kasoko yake juu na umbo lake la mviringo, ilhali Mlima Kenya hauna tena kasoko. Kinachotazamwa kutoka Nyeri alfajiri, mawingu yanapokuwa bado hayajapanda, ni koo la mlima ambao mwili wake wa juu umekwisha kuondoka.

Historia ya mlima huu inagusana na historia ya lugha ya Kiswahili kwa namna isiyotajwa mara nyingi. Mzungu wa kwanza kuripoti kuuona alikuwa Johann Ludwig Krapf, tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, baada ya kusimuliwa habari zake na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Wakamba. Huyu ndiye Krapf wa sarufi ya Kiswahili ya 1850 na wa kamusi iliyotoka 1882 baada ya kifo chake. Mabingwa wa jiografia huko London walikataa kuamini kwamba kunaweza kuwa na theluji karibu na ikweta. Kiswahili chenyewe kilikuwa na maneno mawili tayari kwa ajili ya ubishi huo, ingawa yote mawili yaliletwa na bahari: theluji kutoka Kiarabu, na barafu kutoka Kiajemi, ambako maana yake ni theluji. Lugha iliyozaliwa pwani, penye joto la mwaka mzima, ilikuwa na msamiati wa baridi kabla ya wasomi wa nchi za baridi kukubali kwamba baridi hiyo ipo.

Barafu hiyo ndiyo fundi wa pili wa mlima. Katika enzi za baridi kali ya dunia ilishuka hadi karibu na mita 3,200, ikisukuma mawe na kuyarundika pale ilipokomea. Mto huikata nchi kama panga, ukiacha kingo zinazokutana chini kwa ncha. Barafu, kwa kuwa ni pana na nzito, hukwangua sakafu na kuta kwa pamoja, hata bonde likawa na umbo la karai. Ndivyo lilivyo bonde la Teleki linalofikiwa kutoka Naro Moru, na ndivyo lilivyo lile lenye Ziwa Michaelson juu ya Chogoria, ambalo kuta zake husimama wima juu ya maji.

Fundi huyo sasa anaaga. Halford Mackinder, aliyekuwa wa kwanza kurekodiwa akifika Batian, mwezi Septemba 1899, alikuta mlima una vipande 18 vya barafu ya kudumu. Vingi vimekwisha. Kile kikubwa kuliko vyote, kinachoitwa Lewis, kilipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kati ya 1934 na 2010, na kimeendelea kupungua tangu hapo. Huzuni inayotokana na habari hizo inaeleweka, hasa kwa watu ambao mlima huu kwao ni Kirinyaga, mahali patakatifu pa kuelekea wakati wa kuomba. Hata hivyo, ni vizuri kutenganisha huzuni na hesabu ya maji. Barafu iliyobaki ni ndogo mno, na mchango wake katika mito ni haba. Mito ya Nyeri, Kirinyaga na Meru hulishwa na mvua, na mvua hiyo huhifadhiwa na msitu, na mianzi, na udongo wa juu unaofyonza kama sifongo. Anayeililia barafu huku akiufumbia macho msitu amekosea hesabu.

Nchi ya migongo

Pepo zitokazo Bahari ya Hindi, ndugu wa zile ambazo watu wa pwani huzigawa kuwa kusi na kaskazi, hufika Mlima Kenya zikiwa na unyevu. Zikilazimishwa kupanda hupoa, na zikipoa huuangusha mzigo wao. Kwa hiyo miteremko ya kusini-mashariki, juu ya Embu, Chuka na Chogoria, hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka katika sehemu zake za juu. Pepo hizo zinapofika ng'ambo, Naro Moru na Nanyuki, zimekwisha kujikamua. Kieni, ingawa iko katika kaunti ileile ya Nyeri inayosifiwa kwa chai, ni nchi ya nyasi kavu na foleni ya mitungi.

Tofauti hiyo ya mvua imeandikwa ardhini. Penye mvua nyingi, mito mingi ilianzia karibu na kilele ikatawanyika pande zote kama vijiti vya mwavuli, kila mmoja ukijichimbia njia yake. Kati ya mto na mto ukabaki mgongo mrefu wa ardhi. Kikuyu huuita mgongo huo rũgongo, na neno hilo lilikuwa la jiografia na la siasa kwa pamoja, kwa kuwa mgongo ulikuwa makao, mpaka na jumuiya. Ngũgĩ wa Thiong'o alipoijenga riwaya yake The River Between (1965) juu ya migongo miwili, Kameno na Makuyu, inayotazamana huku mto ukipita katikati, hakubuni ishara hewani. Nchi ilikuwa imekwisha kuichora. Wahakiki wanaozungumzia uwili katika riwaya hiyo aghalabu huanza na dini. Wangeweza kuanza na mmomonyoko.

Migongo hiyo ndiyo iliyopanga njia. Reli iliyopanda kutoka Thika hadi Nanyuki ilipita Karatina na Kiganjo, ikauacha mji wa Nyeri pembeni. Barabara ya upande wa kaskazini, kutoka Nanyuki kuelekea Timau, hukimbia bila kizuizi kikubwa, maana huko mito ni michache. Ile ya upande wa mashariki, kutoka Embu hadi Meru, haina hiari: yabidi ikate mto baada ya mto, ikiteremka na kupanda. Daraja la Nithi, kati ya Chuka na Meru, liko chini ya mojawapo ya miteremko hiyo. Tarehe 24 Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakafariki. Makosa ya breki na ya uhandisi wa barabara yana sehemu yake. Lakini korongo lenyewe lilikuwa pale kabla ya barabara na kabla ya basi.

Korongo, bila shaka, ndilo neno linalohitajika. Kiswahili kinalo, ingawa wanafunzi wengi wa Kenya hulijua zaidi kama jina la ndege. Watanzania hulitumia bila wasiwasi wanapotaja Olduvai. Vitabu vya shule vingelipa neno hilo nafasi yake, vikaliacha bonde libaki kwa ardhi pana na Bonde la Ufa kwa nchi iliyodidimia, mwanafunzi angepata maelezo nusu kabla ya mwalimu kufungua kinywa.

Kati ya Nyandarua na Mlima Kenya nchi imelegea kama tandiko la farasi, na juu ya tandiko hilo unapita mstari usioonekana. Mvua inayonyesha Kiganjo huingia Mto Sagana, kisha Tana, na kuishia baharini. Mvua inayonyesha Naro Moru, mwendo usiofika saa moja kwa matatu, huelekea kaskazini hadi Ewaso Nyiro, hupita Samburu, na kwa kawaida hukomea katika kinamasi cha Lorian bila kuiona bahari. Mfugaji wa Samburu na mkulima wa Naro Moru wanagombania kijito kimoja kwa sababu milima miwili ilijirundika mahali ilipojirundika.

Udongo unaosafiri

Udongo mwekundu wa Tetu, Mathira na Kirinyaga ni zaha iliyooza. Joto na maji, kwa muda mrefu mno, vililainisha mwamba, vikaondoa baadhi ya madini na kuacha chuma, ambayo kutu yake ndiyo wekundu wenyewe. Udongo huo ni wa kina kirefu, hushika maji na huruhusu mizizi kushuka. Ndio uliolipa jina kahawa ya Nyeri. Maji yaliposhuka zaidi hadi tambarare za Mwea, penye udongo mweusi mzito usiopitisha maji kwa urahisi, pakawa mahali pa mpunga, ambao mifereji yake ya kwanza ilichimbwa na wafungwa wa Hali ya Hatari katika miaka ya 1950.

Lakini sifa zinazoufanya udongo huo kuwa bora ndizo zinazoufanya kuwa hatari. Tabaka nene, laini, iliyolala juu ya mteremko mkali, ikilowa hadi chini huwa nzito na hupoteza mshiko. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilisababisha maporomoko katika Murang'a na sehemu jirani, mashamba yakateremka pamoja na nyumba. Pasipo maporomoko, kila msimu huondoka na ngozi nyembamba ya udongo ambayo hakuna anayeitangaza redioni. Dawa yake inajulikana zamani: matuta, nyasi za kingo, miti. Historia ndiyo iliyoitia dawa hiyo uchungu. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta bila malipo, na mwaka 1947 wakulima wa Murang'a waliyakataa. Hawakukataa kuutunza udongo. Walikataa kazi ya shuruti juu ya vipande vidogo walivyoachiwa. Tangu 2015 uko mfuko wa maji wa Tana ya Juu, ambao huchangwa na watumiaji wa maji na umeme wa chini ili kuwasaidia wakulima wa juu, wakiwemo wa Sagana na Gura, kuchimba matuta kwa ridhaa yao.

Wanaochanga wana sababu. Mto Tana huendesha mitambo ya umeme kutoka Masinga, bwawa lililokamilika 1981, hadi Kiambere, na Masinga lilianza kujaa tope kwa kasi kuliko walivyotarajia waliolibuni. Tope linalobaki majini huendelea na safari. Hupita Garissa na Garsen, hutua kidogo kidogo kwenye mashamba ya Wapokomo yanayongojea mafuriko, na hatimaye huingia Bahari ya Hindi karibu na Kipini, nchi ambayo masimulizi ya Waswahili huihesabu kuwa ya Fumo Liongo. Huko maji ya bahari hubadilika rangi baada ya mvua za masika, yakawa mekundu kama shamba la kahawa lililolimwa juzi.